Pikapu ya umeme kwa barabara za Kusini: namna ya kulinganisha umbali wa chaji na ulaji wa umeme

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Newala. Mara mbili kwa wiki hushuka Mtwara na pikapu yake ya dizeli ikiwa tupu, na jioni hupanda nayo ikiwa imebeba saruji na mabati. Siku moja akanipigia simu. "Mjomba, nimeiona Hilux ya umeme. Wameandika inakwenda kilomita 315 kwa chaji moja. Newala kwenda Mtwara na kurudi ni kama 280. Si inatosha na inabaki?"

Nilimwomba siku mbili. Nikajaza kurasa sita za daftari, na jibu nililompa ni kwamba haitoshi, hata ukiibembeleza. Namba aliyoiona haikuwa ya uongo. Ilikuwa namba ya barabara nyingine, mzigo mwingine na mwendo mwingine. Watu wa huku wameanza kuuliza maswali kama lake, hasa korosho zikishauzwa na fedha ziko mkononi, na gari ni ununuzi ambao ukikosea unaumia miaka. Ndiyo maana nimeiandika hesabu ile hapa, hatua kwa hatua, ili kila mtu aifanye kwa safari yake mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika safari yako kabla hujatazama gari lolote

Usianze na picha za magari. Chukua karatasi uandike safari ngumu kuliko zote unazofanya mara kwa mara. Safari ya mara moja kwa mwaka kwenda Dar es Salaam usiihesabu, maana siku hiyo unaweza kupanda basi. Andika mambo haya: kilomita za kwenda na za kurudi, lami ni kiasi gani na vumbi au mchanga kiasi gani, unapanda au unashuka, mzigo unakuwepo upande upi wa safari, gari linalala wapi, na huko linakolala kuna umeme wa aina gani.

Ya mjomba ilitoka hivi. Newala hadi Mtwara mjini kupitia Tandahimba ni takriban kilomita 140. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Mtwara iko pwani kabisa. Anashuka mtupu, anapanda na kilo 800, yaani mifuko 16 ya saruji. Wakati wa kurudi, kilomita 30 hivi ni za vumbi na mchanga, yaani njia za kuingia kwa wateja wake.

Soma tena hapo. Mzigo wote unakuja wakati wa kupanda, na kupanda kunakuja mwisho wa safari, betri ikiwa imeshapungua. Mwenye gari la kukusanya korosho vijijini na kuzishusha Mtwara ana hali tofauti kabisa, kwa sababu mlima unamsaidia akiwa na mzigo. Watu wawili wa Newala wenye gari la aina moja wanaweza kupata majibu mawili yasiyofanana, na wote wakawa sahihi.

Hatua ya 2: Uliza namba ya kilomita imetoka kwenye kipimo gani

Hapa ndipo mjomba alipoponzwa. Umbali wa chaji moja unaoandikwa kwenye matangazo hupimwa maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, kwa utaratibu maalumu. Taratibu hizo ziko nne unazoweza kukutana nazo.

NEDC ni ya zamani ya Ulaya. Wastani wa kasi yake ni karibu kilomita 34 kwa saa. Ulaya yenyewe ilianza kuiacha mwaka 2017, lakini Thailand na Australia bado inatajwa. CLTC ni ya China, wastani wake ni karibu 29 kwa saa, na ndiyo inayotoa namba tamu kuliko zote. WLTP ndiyo Ulaya wanayotumia sasa, wastani karibu 46 kwa saa, na kuna kipande kinachofika hadi 131. EPA ni ya Marekani. Yenyewe ni kali zaidi, kwani watengenezaji wengi wakishamaliza maabara hulipunguza jibu kwa asilimia 30 kabla ya kulibandika kwenye gari.

Sasa tazama Hilux ya mjomba. Ina betri ya kilowati saa 59.2. Thailand, kwa NEDC, imeandikwa kilomita 315. Ulaya, kwa WLTP, Toyota walipoitangaza walisema takriban 240. Betri ni ileile na mota ni zilezile, lakini kilomita 75 zimeyeyuka kwa kubadilisha utaratibu wa kupima tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usilinganishe magari mawili mpaka namba zake zitoke kwenye kipimo kimoja. Muuzaji akikuambia "kilomita 500" muulize, "Kwa kipimo gani?" Akishindwa kujibu, ichukulie namba hiyo kama haipo. Ukikuta NEDC pekee, ipunguze kwa robo ndipo uiweke karibu na WLTP. CLTC ipunguze kwa robo au zaidi. Ni makisio, lakini ni bora kuliko kulinganisha embe na dafu.

Hatua ya 3: Geuza kila gari liwe uniti kwa kilomita 100

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikumbuke kuliko zote. Kilowati saa moja ndiyo uniti moja, ileile unayonunua kwenye LUKU. Chukua ukubwa wa betri, gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100. Jibu ni ulaji wa gari: linakula uniti ngapi kwa kila kilomita 100. Tuliopo huku tumezoea kuuliza gari linakula lita ngapi, na hili ni swali lilelile.

Nilianza na pikapu ambazo usukani wake unapatikana upande wa kulia, kwa sababu ndizo zinazoweza kutufaa. Zote kwa WLTP:

Hilux ya umeme: 59.2 gawanya kwa 240, ni uniti 24.7.
Isuzu D-Max EV: betri 66.9, kilomita 263, ni uniti 25.4.
LDV eT60, ambayo kwingine huitwa Maxus T90 EV: betri 88.55, kilomita 330, ni uniti 26.8.

Unaona? Kwa kilomita zimeachana sana, 240 kwa 330. Kwa ulaji zinakaribiana kama mifuko ya saruji ya kiwanda kimoja. Si kwamba LDV inakwenda mbali kwa sababu ni hodari wa kubana umeme. Inakwenda mbali kwa sababu imebeba betri kubwa, na kwa kweli ndiyo inayokula zaidi.

Za Marekani zinalionyesha jambo hili vizuri zaidi, ingawa usukani wake ni wa kushoto. Zote hizi ni kwa EPA. Ford F-150 Lightning yenye betri kubwa ina kilowati saa 131 na kilomita 515, yaani uniti 25.4. Tesla Cybertruck ya mota mbili ina betri ya 123 na kilomita 523, yaani 23.5. Chevrolet Silverado EV ya kazi ilitoka na kilomita 724, namba ya kumfanya mtu wa Kusini aote ndoto za Mtwara hadi Dar es Salaam bila kusimama, lakini betri yake inazidi kilowati saa 200. Ulaji wake haupungui uniti 27. Ndiyo inayofika mbali kuliko wenzake, na ndiyo inayokula zaidi kati ya hizo tatu.

Kilomita nyingi zinaweza kununuliwa kwa kuongeza betri. Ulaji mdogo hauongezwi hivyo. Na betri kubwa ina gharama nyingine: ni nzito, hupunguza kilo unazoruhusiwa kupakia, na hukaa muda mrefu ukutani kabla haijajaa. Kwa mtu anayechaji nyumbani kwa umeme wa kawaida, ulaji ndio unaoamua maisha yake ya kila siku. Umbali unaamua safari chache tu.

Hatua ya 4: Hesabu uniti za ukutani, si za kwenye betri tu

Umeme ukitoka kwenye soketi kwenda kwenye betri, kiasi kinapotea kwa joto la chaja, waya na betri yenyewe. Kwa Lightning ile niliyoitaja, hesabu ya betri inatoa 25.4, lakini kibandiko cha EPA, ambacho hupima kuanzia ukutani, kinasema uniti 48 kwa maili 100. Gawanya kwa 1.609 upate kilomita: ni 29.8. Tofauti hiyo ndiyo utakayoilipia bila kusafiri nayo. Mimi hugawanya uniti za betri kwa 0.88. Ukichaji kwa soketi ndogo, hasara huwa kubwa zaidi kidogo.

Halafu bei. Huku nyumba nyingi ziko daraja la D1, ambapo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, kwa sharti kwamba matumizi hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Usifanye hesabu ya gari kwa bei hiyo. Safari moja ya mjomba kwenda na kurudi itazimaliza uniti 75 zote na kupita, kwa hiyo atahamishiwa T1, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiongeza kodi na tozo inafika 356. Kumbuka hiyo ni nyumba nzima: friji, taa na televisheni navyo vitalipiwa bei hiyo. Nimemshauri mjomba aombe mita ya pili kwa ajili ya gari, ya nyumbani ibaki ilivyo.

Hatua ya 5: Rekebisha ulaji kwa barabara yako

Ulaji wa maabara ni mwanzo tu. Yafuatayo ndiyo yanayoupandisha, na nimeyapanga kwa uzito wake kwa barabara za huku.

Kasi na upepo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, upepo unakuzuia karibu mara mbili. Pikapu ina umbo baya kwa upepo, kwa hiyo hili linaiumiza kuliko gari dogo. Mwaka 2025 wahandisi wa General Motors waliiendesha Silverado EV kilomita zaidi ya 1,700 kwa chaji moja, gari ambalo kwa EPA lina karibu kilomita 790 tu. Hawakuongeza betri. Walitembea polepole mno, kama mwendo wa bajaji, kiyoyozi kimezimwa na matairi yamejazwa upepo hadi kiwango cha juu. Hakuna anayefanya biashara hivyo, lakini inaonyesha mguu wa dereva una thamani gani.

Kwa sisi wa pwani kuna upepo wenyewe pia. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Oktoba, anayetoka Mtwara kwenda Lindi na Kilwa anasukumwa, na anayerudi anapigana nayo. Ukiwa kwenye 80 na upepo wa 20 unakuja mbele yako, kwa gari ni kama uko kwenye 100. Wavuvi wa Mikindani wanalijua hili tangu zamani, madereva tulikuwa hatulihisi kwa sababu dizeli hujazwa popote. Kwenye gari la umeme litahisika.

Mchanga. Hapa wauzaji hawakuambii lolote, kwa sababu kipimo cha maabara hakina mchanga. Kwenye mchanga laini tairi linafukua njia yake kila mzunguko, na nguvu ya kuviringika inaweza kuongezeka mara kadhaa. Kwa vipande vya vumbi na mchanga mimi huongeza nusu ya ulaji. Kwa mchanga mzito wa kuingia mashambani huongeza ulaji mzima. Na hapo tazama pia magurudumu yanayosukuma: Isuzu na Hilux zinasukuma kwa magurudumu yote manne, LDV eT60 ni ya nyuma tu.

Mlima. Hili linahesabika kwa uhakika. Kila tani moja ikipanda mita 100 inahitaji uniti 0.27, weka 0.3 ukihesabu hasara. Gari na mzigo wake wakifikia tani 3.1 na kupanda mita 600, ni 3.1 mara 6 mara 0.3, kama uniti 5.6. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme. Mimi huhesabu irudi asilimia 60 ya 0.27 ile, nisijidanganye.

Mzigo. Watu wanauogopa kuliko inavyostahili. Kilo 800 ndani ya bodi, kwenye lami tambarare, huongeza ulaji kwa kama asilimia 10. Kinachoumiza ni mzigo uliopangwa juu kupita kabini, maana unakuwa ukuta wa kuzuia upepo. Mabati yalaze, funga turubai lisipepee.

Tela ni habari nyingine. Majaribio mengi ya Marekani yameonyesha kuvuta tela kubwa lenye umbo la sanduku kunaukata umbali kwa takriban nusu. Kama kazi yako ni ya tela, gawanya kilomita zote kwa mbili kisha uendelee na mwongozo huu.

Kiyoyozi kwenye joto letu la pwani kinakula kama uniti moja kwa saa, wakati mwingine zaidi gari likiwa limeanikwa juani. Matairi ya rafu rodi yenye meno makubwa yanaongeza ulaji, na upepo mdogo wa tairi unaongeza zaidi. Pima upepo kila wiki.

Hatua ya 6: Fanya hesabu nzima, kwenda peke yake na kurudi peke yake

Usizidishe kwa mbili. Hii hapa ya mjomba, kwa gari la uniti 25 kwa kilomita 100.

Kushuka: kilomita 140 ni uniti 35. Mteremko unarudisha kama 2. Kiyoyozi saa tatu ni 3. Jumla 36.

Kupanda: msingi ni uniti 35. Mzigo, asilimia 10, ni 3.5. Mlima 5.6. Kilomita 30 za vumbi na mchanga, nusu ya ziada, ni karibu 3.8. Kiyoyozi 3. Jumla karibu 51.

Barabara ni ileile, dereva ni yuleyule, na kurudi kunakula karibu mara moja na nusu ya kwenda. Jumla ya safari ni uniti 87 za betri, yaani 99 za ukutani.

Sasa weka betri. Mimi huhesabu asilimia 90 tu ya betri iliyoandikwa, kwa sababu sehemu yake hufungwa na mtengenezaji na nyingine hupotea kadiri miaka inavyokwenda. Kisha hubakiza akiba ya asilimia 20. Huku akiba si anasa. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na magari yalikaa njiani. Barabara ikikatika unahitaji uniti za kurudi ulikotoka.

Hilux: ukitoa ile asilimia 10, inabaki na uniti 53. Ikijazwa kabisa Mtwara, itafika Newala na uniti 2. Tena uwezo wake wa kubeba ni kilo 715, na hapo abiria wamo. Kilo 800 za saruji haziruhusiwi tangu mwanzo. Imetoka.

Isuzu: inabaki na 60. Ikijazwa kabisa Mtwara inafika Newala na 9, yaani asilimia 15. Uzito inaruhusu, kwani hubeba zaidi kidogo ya tani moja. Inawezekana, lakini lazima Mtwara ijae pomoni, na akiba ni nyembamba kuliko ninavyopenda. Akipunguza mifuko minne na kutembea 70 badala ya 80, akiba inatosha.

LDV: inabaki na kama 80. Inafika Mtwara na 44, inahitaji 51 na akiba ya 16, yaani 67. Ikichajiwa uniti 23 tu za betri, inarudi Newala kwa amani. Lakini ni ya magurudumu ya nyuma, na inakula zaidi kidogo kuliko 25 niliyotumia kwenye hesabu: 26.8. Ongeza uniti 2.5 kila upande, ichaji 28, bado inatosha.

Kwa fedha: uniti 99 kwa shilingi 356 ni kama 35,200. Pikapu ya dizeli ya mjomba hula lita 11 kwa kilomita 100 kwenye safari hiyo, kwa hiyo ni kama lita 31. Chukua bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, ukitazama safu ya mafuta yanayopokelewa bandari ya Mtwara, uzidishe mwenyewe. Ikiwa lita ni shilingi 2,900, ni karibu 90,000. Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayonifanya nisimkataze mjomba moja kwa moja.

Hatua ya 7: Pima saa za kuchaji mahali gari linapolala

Kwa barabara ya Mtwara, Lindi na Masasi, panga kana kwamba chaja ya haraka haipo. Ukiikuta, ni bahati. Utegemee soketi yako.

Waya wa ampea 16 kwenye umeme wa njia moja, volti zikishuka jioni hadi 205, unatoa kilowati 3.3. Waya wa ampea 32 kwa volti 220 unatoa 7. Isuzu inahitaji kurudishiwa uniti 36 Mtwara, za ukutani 41. Kwa ampea 16 ni zaidi ya saa 12, maana yake mjomba alale Mtwara. Kwa ampea 32 ni saa sita: anafika saa mbili asubuhi, anaondoka saa nane mchana. LDV, kwa uniti 32 za ukutani, ni karibu saa kumi kwa ampea 16, au zaidi kidogo ya saa nne na nusu kwa ampea 32.

Hapa ulaji unajitokeza tena. Uniti 3.3 za ukutani kila saa, gari linalokula 25 linapata kama kilomita 11 au 12 kwa saa. Gari zito linalokula 40 linapata 7. Betri yake iwe kubwa namna gani, asubuhi litakuwa halijajaa.

Waya wa ampea 32 usiufunge kwa mazoea. Unataka waya mnene wake peke yake kutoka kwenye mita, breka yake, kinga ya kuvuja kwa umeme na ethi nzuri, kwa sababu ni mzigo unaokaa saa nyingi bila kupumzika. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA. Nimeona soketi ya kawaida iliyochajiwa gari usiku kucha, asubuhi plastiki yake imekuwa laini kama nta.

Hatua ya 8: Yanayoweza kuliondoa gari kabla ya hesabu

Hakikisha ni gari la umeme tupu. BYD Shark inauzwa kwenye safu moja na pikapu za umeme, lakini ina injini ya petroli ndani na betri yake ni chini ya kilowati saa 30. Linaweza kuwa gari zuri kwa safari zako, ila lihesabu kivingine. Tazama plagi: gari lililotengenezwa kwa soko la China huja na GB/T, la Ulaya huja na CCS2, na chaja utakayonunua lazima ifanane. Kwa gari lililotumika, omba ripoti ya afya ya betri. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 kwamba betri haitashuka chini ya asilimia 70, lakini uliza kwa maandishi kama dhamana hiyo inafanya kazi Tanzania. Asilimia 80 ya afya maana yake kila kilomita uliyoihesabu izidishe kwa 0.8.

Hatua ya 9: Jaribu barabarani kwa mita ya LUKU

Ukipata gari la kujaribu, usizunguke nalo mjini. Lipeleke Mtwara hadi Lindi na kurudi, zaidi kidogo ya kilomita 210, ukiwa na mzigo wako halisi. Kwenda na kurudi ndiko kunakofuta upepo na vilima, kwa hiyo usikatishe safari njiani. Kabla ya kuondoka chaji hadi 90, zima kila kitu ndani ya nyumba, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Ukirudi, chaji tena hadi 90 ileile, kila kitu kikiwa kimezimwa, andika uniti zilizobaki. Tofauti ndiyo ulaji wa ukutani, haujapita kwa muuzaji wala kwenye dashibodi. Gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100.

Kwa pikapu ya ukubwa wa Isuzu yenye mzigo, kwa mwendo wa 80, mimi ningetegemea kati ya 28 na 33. Ikizidi 36, pima upepo wa matairi na urudie. Ikizidi tena, mrudishie mwenyewe.

Mjomba amesema atakuja Mtwara wiki ijayo na fundi wake, wapime umbali kutoka kwenye mita yangu hadi mahali anapoegesha. Nimeshampigia hatua: ni mita 14 za waya.